Mgongo Mpana Si Mgongo Imara



Naomba nafasi katika jarida letu niseme neno juu ya mgongo. Najua wapo watakaocheka. Lakini Novemba tutamaliza mtihani wetu wa Taifa, nasi watoto wa Tandahimba na Newala tutarudi nyumbani msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, na wengi wetu tutakwenda moja kwa moja maghalani kutafuta fedha kwa kupakia magunia. Heri lisemwe sasa kuliko Januari.

Hapa bwenini kijana akivua shati na mgongo wake umetanuka kama ungo, husifiwa kuwa huyo ndiye mwanamume wa gunia. Baiolojia inatukanusha. Msuli wa juu kabisa wa mgongo huitwa trapezi: huanzia kisogoni, hushuka katikati ya mgongo hadi pingili ya mwisho ya kifua, na hutanda mabegani. Ule mpana kuliko yote ni latisimasi dorsi, utokao kiunoni na nyongani ukaishia katika mfupa wa mkono, karibu na bega. Hiyo ndiyo misuli tunayojivunia. Basi kazi yake kubwa ni kuendesha mikono na mabega, kama mtu anapovuta kamba au kupiga jembe. Uti wenyewe hushikwa na misuli iliyofichika ndani zaidi. Kuna erekta spine, iliyolala kama kamba pande mbili za uti, na chini yake kuna multifidi, vijisuli vifupi vinavyoshikanisha pingili na pingili za jirani. Hivyo havionekani hata mbele ya kioo, wala hakuna anayevisifu.

Tazama sasa jinsi misuli hiyo inavyoteswa. Mwalimu wa Fizikia ametufundisha habari za wenzo. Chukua ndoo ya maji yenye kilo 20, uinyanyue umeinama, nayo iwe sentimita 50 mbele ya uti. Kamba zile za nyuma ziko kiasi cha sentimita 5 tu kutoka kwenye uti. Piga hesabu: ili ndoo isikuangushe, yawapasa kuvuta kwa nguvu ya kilo 200, na bado hatujahesabu uzito wa kifua na kichwa chako. Ukichuchumaa, ukaisogeza ndoo hadi sentimita 25, nguvu ile inarudi kilo 100. Ndoo ni ile ile, mtu ni yule yule! Na gunia la korosho likijaa hukaribia kilo 80.

Mimi nimelionja jambo hili. Likizo ya Desemba iliyopita nilipakia katika ghala moja. Gunia la tano nililiinamia miguu ikiwa imenyooka, nikasikia kitu kikikaza kiunoni kama kamba iliyofungwa fundo. Siku tisa sikuweza kuinama kufunga viatu. Nyumbani nilisema nimeteleza, kwa aibu, na bibi akanikanda kwa maji ya moto bila kuuliza zaidi. Mimi nilipona kwa kuwa ulikuwa msuli tu. Kati ya pingili na pingili kuna visahani vya gegedu, na kisahani kikifura kikabana mshipa wa fahamu, maumivu hushuka mguuni. Hayo hayatibiwi kwa kukandwa, ni ya kwenda hospitali. Tena pingili za kijana wa miaka 17 hazijamaliza kukua.

Wengine watanijibu kuwa mama zetu hubeba maji tangu utoto. Ni kweli, juu ya uwanda huu wetu maji ya mvua hudidimia mchangani, na zamani waliyafuata bondeni. Lakini mama hutia kata kichwani, akasimama wima, na mzigo ukashuka sawa juu ya uti. Mwaka 1986 wataalamu walitangaza kuwa wanawake wa Kenya, Waluo na Wakikuyu, waliweza kubeba mzigo wa sehemu moja kwa tano ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya anayetembea mikono mitupu. (Sisemi kwa hiyo waachiwe ndoo zote. Wamechoka.)

Shirika la Kazi la Kimataifa lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebe zaidi ya kilo 55, na vijana wabebe pungufu sana ya hapo. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2004 nayo inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa katika kazi ya hatari. Lakini ghalani mtu hulipwa kwa gunia, wala haulizwi umri. Hapo ndipo penye ugumu, nami siwezi kumlaumu mwenzangu anayetafuta nauli au fedha ya daftari za mdogo wake. Ninalolaumu ni ile fahari ya kubeba peke yako, na kumzomea anayeomba mkono. Hata katika vinyago vya ujamaa vya Wamakonde wachongaji wetu huonyesha watu wengi wakishikana na kubebana.

Mimi na mwenzangu wa kitanda cha juu tumekwisha patana: mwaka huu gunia moja watu wawili, magoti yakunjwe, mgongo unyooke, na ujira nusu kwa nusu. Tutapata fedha kidogo. Anayetaka kujiunga nasi, atukute bweni la pili baada ya chakula cha jioni.