Kabla Uinue Gari, Pima Mteremko wa Geti

Kila nikiposti video ya ile Toyota 86 yangu, komenti ya kwanza huwa ni moja tu: "Buda, weka spesa." Ya pili: "Si ungenunua tu Probox." Leo nawajibu wote mara moja, maanake nimechoka. Gari yangu haina makosa. Mwenye makosa ni ule mteremko wa kwetu, na mwenye aliumwaga hakupima kitu.

Kwetu ni Kiambu. Wenye mnatoka huko mnajua vile ploti zimekaa: barabara iko juu, nyumba iko huko chini. Unatoka lami, unavuka mtaro, unapita geti, alafu unashuka mpaka mlangoni. Siku ya kwanza kuleta hiyo ndai nyumbani, mathe alikuwa amesimama kwa mlango, mikono kiunoni. Ni huyu huyu mathe mwenye hakunisemesha wiki mbili nilipoacha chuo, kwa hivyo nilikuwa nataka sana aone. Alichoona ni tumbo la gari likikwaruza simiti, krrrr, na mimi nimekwama nusu ndani nusu nje. Akageuka, akarudi jikoni. Tangu hiyo siku nimekuwa nikipaki kando ya barabara na kumtoa soja wa jirani kitu kidogo aniangalilie.

Sasa hesabu, na usitoroke, ni ya fomu tuu tu. Tumbo la 86 liko milimita 130 juu ya ardhi gari ikiwa tupu. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma ni milimita 2,570. Nilichukua tepu na ubao mrefu ulionyooka, nikapata mteremko wetu unashuka mita 1 kwa kila mita 5. Huo si mlima wa kutisha. Shida ni kona ya pale juu, mahali bapa inakutana na mshuko ghafla kama ukingo wa meza. Magurudumu ya mbele yakiwa yameshashuka na ya nyuma bado yako juu, hiyo kona inaingia tumboni milimita 127. Nimebakisha 3. Na hapo gari ni tupu! Niweke, weka na beste yangu wa kamera mwenye hapendi kuambiwa kilo zake, springi zinakaa chini, na hizo 3 zimeenda.

Ndio maana nasema pima kwanza. Ukivunja hiyo kona mara mbili, mambo yanabadilika kabisa. Badala ya kutoka bapa ukiingia mshuko wote mara moja, weka kipande cha mita 3 kinachoshuka nusu, yaani mita 1 kwa kila 10, ndio mshuko kamili uanze. Kona moja ya milimita 127 inakuwa kona mbili za kama 64 kila moja. Gari ni ile ile, springi ni zile zile, na nafasi imebaki hadi ya kubeba kameraman na chakula chake. Kona ya chini nayo inataka kipande kama hicho, kwa sababu huko ndiko mdomo wa bampa hugonga. Ukweli ni kwamba urefu wa kushuka haupungui, kwa hivyo ama urefushe mteremko kuelekea uani ama katikati pawe pakali kidogo. Sisi tuna nafasi ya kurefusha. Kama hauna, piga hesabu yako kabla ya kubeba nyundo.

Na spesa? Sikatai, zinainua. Kwa gari ya kubeba familia kwa barabara ya vumbi, sawa. Lakini mtu anunue gari iliyotengenezwa ikae chini ndio ishike kona vizuri, alafu aiinue na vipande vya alumini vya jua kali kwa sababu ya mita 3 za simiti? Ukiinua, uzito unapanda juu, magurudumu yanataka kupangwa upya, na tairi zinaanza kulika upande mmoja usipofanya hivyo. Unaharibu gari siku zote saba ndio uingie nyumbani kwa sekunde kumi. Na wale wa upande wa pili, wa kukata springi ndio gari ikae chini zaidi, nyinyi sina la kuwaambia.

Kuna mbinu za kushikilia kabla upate pesa ya simiti. Ingia kimshazari, gurudumu moja moja, kama geti ni pana. Yetu si pana. Shukisha wasee wote watembee, wacha walalamike. Enda pole, na uachilie breki kidogo kabla ya kufika chini, maanake ukifinya breki pua ya gari inainama hapo hapo. Kwa kona ya chini weka mbao mbili nene pale magurudumu yanapita, zilale ndani ya hiyo kona ndio magurudumu yapande kabla ya bampa kufika. Zipigilie ubao wa kupitia katikati zisiteleze. Mbao zangu zilifanya kazi vizuri hadi mtu akaziona zinafaa kuchemsha githeri.

Kukwaruza plastiki si mwisho wa dunia. Chenye kinafaa kukukosesha usingizi ni sampu ya oili. Ikipasuka kwa kona kama hiyo na usione taa ya oili, injini inanoki, na hapo hakuna mtu wa kulaumu.

Lakini hii stori haikuanza na injini. Mwezi wa nne, mvua ikinyesha, saa tano usiku shosho alishikwa na kifua. Gari iko juu kwa barabara, yeye yuko chini kwa nyumba. Nilikuwa na gari, nilikuwa na mafuta, na hakukuwa na njia ya kuifikisha mlangoni. Tulimkalisha kwa kiti cha plastiki, mimi mbele, jirani nyuma, mathe na mwavuli, tukampandisha kwa ile simiti imelowa. Jirani aliteleza mara moja. Shosho yuko poa sasa, na kila nikimtembelea ananiuliza hiyo gari ya watu wawili bado inaogopa boma. Nimenunua mdomo wa bampa mara 3 kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo pesa tungekuwa tumemwaga simiti kitambo.

Wengine mtasema nijaze tu ule mtaro wa barabara ndio pawe bapa. Hapana. Hiyo ndiyo ujinga naona kila mtaa. Maji ya mvua lazima yapite, na ukiyazibia yanaenda kulala kwa sebule ya jirani, pengine yule yule alikusaidia kubeba kiti. Pia hapo si kwako, ni eneo la barabara, na kuligusa kunahitaji ruhusa. Sisi tunaanzia ndani ya geti.

Mathe amekubali tuvunje simiti yake, lakini kwa masharti. Kwanza nimchoree hesabu kwa karatasi, nikachora, akanirudisha mara mbili. Pili, kabla fundi amwage chochote, mathe mwenyewe atapita na tepu. Nyundo zinaingia Jumamosi. Baada ya hapo ni kumwagia maji asubuhi na jioni na gari isikanyage hapo kama wiki mbili, kwa hivyo msiniulize kwa komenti kwa nini bado napaki nje. Soja tayari nimemlipa.