Muulize kwanza mwenye shida: Somo la ngitili kwa vita dhidi ya zebaki Geita

Katika mialo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita na wilayani Kahama, zebaki bado inachomwa hadharani, wakati mwingine jirani kabisa na nyumba ambamo watoto wanalala. Si kwamba hakuna aliyesema. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Semina zimefanyika kwa zaidi ya miaka 20, na vifaa vya kuzuia mvuke vimeletwa na kuonyeshwa. Kwa nini basi mchimbaji anaendelea?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba hana elimu. Jibu hilo halitoshi, na kuna njia ya kufikiri inayosaidia kuona kwa nini. Kitaalamu inaitwa fikra bunifu. Jina ni geni, lakini kazi yake mkoa wa Shinyanga uliifanya kabla wengi wetu hatujalisikia.

Fikra bunifu ni nini?

Ni njia ya kutatua tatizo kwa kuanza na mtu mwenye tatizo hilo, kabla ya kuchagua kifaa, sheria au bajeti. Msingi wake kinadharia unatajwa katika maandishi ya msomi wa Marekani Herbert Simon ya mwaka 1969. Baadaye kampuni ya ubunifu ya IDEO na Chuo Kikuu cha Stanford viliieneza duniani.

Stanford hufundisha hatua tano. Kwanza, kaa na mhusika uone anavyoishi na anavyofanya kazi. Pili, litaje tatizo upya kwa jinsi yeye analivyoliona. Tatu, kusanya mawazo mengi bila kuyahukumu mapema. Nne, tengeneza mfano mdogo wa bei nafuu. Tano, mpe autumie, umwangalie, kisha urekebishe. Hatua hizi si ngazi ya kupanda mara moja. Mara nyingi jaribio likishindwa unarudi mwanzo, na kurudi huko ndiko kunakookoa fedha.

Shinyanga ilivyopata misitu yake

Kufikia miaka ya 1980, Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa la Tanzania. Miti ilikuwa imefyekwa tangu enzi za ukoloni ili kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 nayo iliwahamisha watu kutoka kwenye maboma yao, wakaacha nyuma maeneo waliyokuwa wakiyatunza.

Juhudi za awali za kurudisha miti zilitegemea zaidi mipango iliyotoka juu na miti ya kigeni inayokua haraka. Hazikufua dafu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, uliosaidiwa na Norway na baadaye na watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF.

Mafanikio yake makubwa yalitokana na kurudi kwenye kitu ambacho Wasukuma tayari walikuwa nacho: ngitili. Hii ni sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa masika ili majani na vichaka vikue, kisha kufunguliwa kiangazi ng'ombe wanapokosa chakula. Mfugaji hakuhitaji kushawishiwa faida yake. Alihitaji uhakika kwamba akiifunga ngitili yake, jirani hataingiza mifugo usiku. Uhakika huo ulitoka kwenye dagashida, mkutano wa jadi unaotunga sheria za kijiji, na kwa sungusungu waliozisimamia.

Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimebaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mpango ulipofikia ukingoni mwaka 2004, zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Kuni, dawa, asali, matunda na nyasi za kuezekea vilirudi karibu na nyumbani.

Zingatia kilichobadilika. Awali swali lilikuwa, "Tuwafanyeje watu wapande miti?" Baadaye likawa, "Mfugaji anapata wapi malisho mwezi wa tisa, na ni nani anayeyalinda?" Watu, mvua na udongo vilikuwa vilevile. Swali ndilo lililogeuka, na miti ikaja nyuma ya malisho.

Tusiipambe kupita kiasi. Ngitili kubwa ziliwafaa zaidi wenye ardhi na mifugo mingi, na asiye na kitu alinufaika kidogo. Hilo pia ni somo: ukisema "tumewauliza wananchi", taja ni wananchi gani.

Zebaki inampa nini mchimbaji?

Bukombe na Mbogwe, zinazochimba dhahabu leo, zilikuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga hadi mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012. Kwa hiyo somo la ngitili si la kuazima mbali.

Hatari ya zebaki haina mjadala. Mvuke wake unaharibu ubongo, neva na figo, na unamdhuru mtoto aliye tumboni. Ikiingia majini inajikusanya ndani ya samaki. Mkataba wenyewe umepewa jina la Minamata, mji wa Japan ambako mwaka 1956 iligundulika kwamba watu walikuwa wakiugua ugonjwa wa neva. Baadaye ilithibitika kuwa walikula samaki wenye zebaki iliyotoka kiwandani.

Kati ya mwaka 2002 na 2007, mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki ulifanya kazi katika nchi sita, Tanzania ikiwemo, na eneo lake hapa kwetu lilikuwa Lwamgasa, Geita. Miongoni mwa suluhisho zilizofundishwa ni chombo kilichofungwa, ambamo dhahabu iliyoshikana na zebaki huchomwa na mvuke kunaswa ili zebaki itumike tena. Ni kifaa kizuri. Lakini mwaka 2013, ripoti ya Human Rights Watch kuhusu ajira ya watoto migodini ilieleza kwamba watoto katika maeneo haya walikuwa wakishika zebaki kwa mikono na kuichoma motoni.

Sasa tuanze na mtu mwenyewe. Kwenye maduara mengi mchimbaji halipwi mshahara. Analipwa mawe. Mwenye leseni ana mgao wake, mwenye duara ana wake, aliyefadhili chakula na matimba ana wake, na mchimbaji anabaki na mfuko mmoja au miwili. Anaupeleka karashani, anausaga, anaosha, anaweka zebaki, anachoma, anauza. Akiwahi asubuhi, jioni ana fedha za unga na ada ya shule.

Zebaki basi inampa vitu vitatu: inafaa kwa mzigo mdogo, inalipa siku hiyohiyo, na kila mwenye mgao anaona kwa macho dhahabu ikitokea. Chombo cha chuma kilichofungwa kinakiuka sharti la tatu, kwa sababu kinachukua muda na kinaficha dhahabu mbele ya watu wasioaminiana. Ndiyo maana wabunifu wengine waliamua kutengeneza vya kioo. Mitambo ya sianidi inakiuka sharti la kwanza na la pili, kwa kuwa inataka tani nyingi za mchanga na siku kadhaa za kusubiri. Mwenye mfuko mmoja hana nafasi hapo.

Kuna hasara nyingine asiyoiona kirahisi. Zebaki huacha dhahabu nyingi kwenye marudio, na anayekuja kuivuna ni mwenye mtambo wa sianidi. Marudio hayo yakiwa na zebaki, sianidi huiyeyusha na hatari inaongezeka.

Kwa hiyo swali la "Tumfundisheje mchimbaji madhara ya zebaki?" linapaswa kuwa hili: "Mwenye mfuko mmoja atapataje fedha yake leo, mbele ya macho yake, bila zebaki?"

Mfano wa kusikilizwa

Tunao ushahidi wa karibu kwamba kuuliza kunaleta matokeo. Januari 2019 Rais John Magufuli alikutana na wachimbaji wadogo jijini Dar es Salaam, nao wakataja kero zao, zikiwemo utitiri wa kodi na kukosa soko la uhakika. Mwaka huohuo wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Masoko ya madini yakaanza kufunguliwa, la Geita likiwa la mwanzo, Machi 2019. Kabla ya hapo, kuuza kwa siri kulitafsiriwa zaidi kama tabia mbaya. Walipoulizwa, ilionekana pia kuwa ni hesabu.

Kwa zebaki, STAMICO ina vituo vya mfano vya uchenjuaji Lwamgasa na Katente. Hiyo ni hatua ya mbele. Hatua inayofuata inaweza kuanza kidogo: mwalo mmoja, miezi mitatu, mizani iliyo wazi, kila mfuko upimwe na sampuli yake, mwenye mfuko alipwe sehemu ya fedha papo hapo, kisha mizigo ichenjuliwe kwa pamoja. Wanawake wanaoosha marudio wawepo tangu kikao cha kwanza, kwa sababu moshi huo wanauvuta wao na watoto wao. Jaribio likishindwa, tujue lilishindia wapi: kwenye mizani, kwenye sampuli au kwa mfadhili anayedai mawe yake.

Fikra bunifu haiondoi umaskini, wala haichukui nafasi ya sheria. Na inaweza kugeuzwa maigizo, watu wakaitwa ukumbini, wakasaini posho, na mpango ukabaki uleule uliokuja nao. Kipimo chake ni kimoja: baada ya kuwasikiliza watu, ni kitu gani kilibadilishwa kwenye mpango? Gari la mradi litakapofika tena kwenye mwalo wenu, waulizeni hilo. Kama hawana la kutaja, bado hawajawasikiliza.