Kivu Kusini: Programu za takwimu za afya zinafika kwenye seva, je, zinafika Uvira?

Mjini Uvira, bomba za Regideso zinapokauka, wakaaji wengi wanarudi kuchota maji ya ziwa Tanganyika, na kipindupindu kinafuata. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, kwa kutumia takwimu za mji huo za 2009 hadi 2014, ulionyesha kwamba baada ya siku moja bila maji ya bomba, wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa wastani wa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata. Kwa hiyo, ripoti inayochelewa wiki mbili inawakuta watu wamekwisha kuugua.

Ripoti za vituo vya afya nchini Kongo zinaingizwa katika mfumo wa taifa unaoitwa SNIS, unaotumia programu ya DHIS2. Programu hiyo ni ya bure, na inatengenezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kenya na Tanzania pia zinaitumia. Lakini mfumo mmoja hauwezi kutosheleza kila nchi na kila ugonjwa. Ndiyo maana wataalamu wanatengeneza vipande vya kuongeza juu yake, wanavifunga na kuvituma kwa wanaovihitaji.

Vifurushi vya aina mbili

Aina ya kwanza ni programu ndogo: kurasa, ramani au michoro inayofungwa katika faili moja ya zip. Ndani yake kuna karatasi ya utambulisho inayotaja jina la programu na toleo lake. Msimamizi wa mfumo anaipakia kwenye seva, na watumiaji wanaiona bila kusakinisha kitu kwenye kompyuta zao.

Aina ya pili ni fomu, maswali na viashiria vilivyokwisha kupangwa. Mwanzoni mwa 2020, Sri Lanka ilitengeneza sehemu ya kufuatilia Covid-19 ndani ya DHIS2. Oslo iligeuza kazi ya aina hiyo kuwa kifurushi, na nchi nyingi zikakitumia bila kuanza upya.

Pale kazi inapokwama

Shida ni kwamba kifurushi hakijui Uvira. Fomu zinasafiri bila majina ya mahali. Baada ya kuzipakia, lazima mtu aziunganishe moja moja na zoni za afya za Uvira, Ruzizi, Lemera, Nundu au Fizi, kisha awape watumiaji ruhusa. Kongo ina zoni za afya 519. Zoni moja ikisahauliwa, fomu ipo kwenye seva lakini muuguzi haioni, na Kinshasa inaweza kudhani kwamba hakuna wagonjwa.

Shida ya pili ni matoleo. DHIS2 inaboreshwa mara kwa mara, na programu ndogo iliyotengenezwa kwa toleo la zamani inaweza kukataa kufanya kazi seva ikisasishwa. Mradi uliolipia programu hiyo ukiwa umemalizika, nani ataitengeneza? Swali hilo linafaa kujibiwa katika mkataba kabla ya kutia sahihi.

Ya tatu ni mtandao na umeme. Ukurasa mzito unaofunguka haraka Oslo au Kinshasa unaweza kumshinda muuguzi wa Hauts-Plateaux. DHIS2 ina programu ya simu inayohifadhi taarifa bila intaneti na kuzituma mtandao ukirudi. Lakini simu inahitaji chaji, na mwenye simu anahitaji mafunzo.

Vita navyo

Mwezi wa pili 2025 Bukavu ilianguka mikononi mwa AFC/M23, na serikali ya jimbo ikahamia Uvira. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo, vita vikaingia Uvira yenyewe. Katika hali hiyo, seva iliyo mbali ina faida: ofisi ikiporwa, takwimu zilizokwisha kutumwa hazipotei. Lakini nguvu ya kupakia programu au kutoa ruhusa ikishikwa na watu wachache tu, barabara na mawasiliano vikikatika kazi inasimama.

Cha kuangalia

Vifurushi vyenyewe si vibaya; bila hivyo kila jimbo lingeanza upya. Ila serikali na wafadhili wamezoea kuhesabu kazi imekwisha siku faili inapopakiwa. Kipimo cha kweli kiko kituoni. Programu ijaribiwe kwanza kwenye seva ya majaribio, kisha katika zoni moja yenye mtandao dhaifu, na toleo la zamani lihifadhiwe ili kurudi nyuma ikihitajika. Fomu iwe katika lugha ambayo muuguzi anaielewa. Na kila zoni iwe na mtu wake anayejua kurekebisha ruhusa.

Hesabu iliyo muhimu ni moja: tangu mgonjwa anapoandikwa kituoni hadi namba yake kuonekana kwa wanaopaswa kutuma klorini, zinapita siku ngapi? Uvira inaweza kuipima wenyewe, kituo kwa kituo.