Maumivu ya Mshono Yasitibiwe kwa Kubahatisha

Askari hufundishwa kuvumilia. Hufundishwa kutembea na njaa, kukesha lindoni mvua ikinyesha, na kutolalamika. Mafunzo hayo ni mema, wala hatuna nia ya kuyabeza. Lakini uvumilivu huo ukichukuliwa mpaka kwenye kitanda cha mgonjwa huweza kugeuka mtego. Aliyetoka kupasuliwa hataki kuonekana dhaifu mbele ya wenzake. Basi humeza kila kidonge anachopewa ili arudi zamu upesi. Ndugu askari, kuchanganya dawa za maumivu bila kujua kilichomo ndani yake si ushujaa. Ni kuyachezea maisha.

Tuchukue mfano wa askari wa kufikirika. Amepasuliwa ngiri mjini Tororo, akaruhusiwa kwenda kupumzika nyumbani Nagongera. Amepewa vidonge viwili vya parasetamoli mara tatu kwa siku, na diklofenaki ya miligramu 50 mara tatu kwa siku. Hapo hapana kosa. Dawa hizo mbili hutuliza maumivu kwa njia mbalimbali, na daktari huziunganisha makusudi ili haja ya dawa kali zaidi ipungue.

Siku ya tatu nduguye anarejea kutoka Busia na vidonge vilivyosifiwa dukani kuwa havina mfano. Ndani ya kila kimoja mna diklofenaki miligramu 50 na parasetamoli miligramu 500, lakini jina lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye pakiti ni jingine kabisa. Mgonjwa anameza kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Kisha mwili unapata joto. Anadhani ni malaria, anaongeza Panadol mbili, na usiku mbili tena.

Hebu tuhesabu. Sita vya hospitali, vitatu vya Busia, vinne vya Panadol: jumla ni vidonge 13, yaani gramu 6 na nusu za parasetamoli kwa siku moja. Kipimo cha juu kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500 katika saa 24. Na mwenye mwili mdogo, mnywaji wa pombe au mgonjwa wa ini hupaswa kupunguziwa. Diklofenaki nayo imefika miligramu 300, maradufu ya kipimo chake cha juu. Askari huyu hakuvunja amri yoyote. Ameponzwa na majina.

Ubaya wa parasetamoli iliyozidi ni kwamba haipigi kelele. Siku ya kwanza mtu aweza kujiona mzima, kumbe ini linaharibika. Dawa ya kuizima sumu hiyo ipo, lakini hufaa zaidi ikitolewa mapema, kabla macho hayajageuka manjano. Ama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, hizo ni za ukoo mmoja. Kuziunganisha kwa ajili ya maumivu kwaleta nafuu ndogo, na hatari kubwa ya kutokwa damu tumboni na kuharibika figo.

Liko kundi la tatu: tramadoli, kodeini na mofini. Hatusemi dawa hizi ziogopwe. Maumivu yasiyotulizwa humfanya mgonjwa ashindwe kuvuta pumzi ndefu, kukohoa na kutembea, naye huweza kupata nimonia au damu kuganda miguuni. Uganda yenyewe ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuwaruhusu wauguzi wenye mafunzo maalumu kuandika cheti cha mofini, mwaka 2004. Lakini dawa hizi huleta usingizi na hupunguza pumzi. Ukizichanganya na waragi, au na vidonge vya usingizi kama diazepamu, mtu aweza kulala asiamke. Tramadoli ikizidi yaweza pia kuleta kifafa. Tena, ni nani angependa kulinda pamoja na mwenzake aliyeshika bunduki hali akili yake imelewa dawa?

Nayo homa isichukuliwe kwa wepesi. Nagongera yajulikana kwa malaria: utafiti wa miaka ya 2011 na 2012 ulikadiria kwamba mkazi wa huko aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Unyunyizaji wa dawa majumbani ulioanza mwishoni mwa 2014 uliipunguza sana, lakini haukuimaliza. Hata hivyo, homa baada ya upasuaji yaweza kuwa ni usaha unaojijenga ndani ya mshono. Anayeizima kwa vidonge aizima kengele ya hatari na kuuacha moto ukiendelea. Apimwe damu, na kidonda kitazamwe.

Twawaomba makamanda nao wajiulize: askari huyu anaharakisha kwa hiari yake, au kwa kuogopa kuitwa mvivu? Siku za mapumziko alizoandika daktari ni sehemu ya tiba. Kamanda anayezikata humsukuma mtu wake kwenye duka la dawa.

Njia iliyo salama si ngumu. Soma maandishi madogo yanayotaja dawa yenyewe, wala usitosheke na jina la pakiti. Andika katika karatasi moja kila unachomeza na saa yake, pamoja na dawa za magonjwa mengine. Mwonyeshe mganga karatasi hiyo kabla ya kuongeza chochote. Ukizidiwa na maumivu, rudi kwake, usizidishe mwenyewe. Ukiona kinyesi cheusi, macho ya manjano, usingizi mzito au pumzi inayokawia, usingoje kuche.

Katika ghala la silaha hakuna risasi inayotoka bila kuandikwa. Twataka vidonge viheshimiwe vivyo hivyo, kwani wahenga walikwisha kutuonya: mficha maradhi, kifo humuumbua.