Fanusi si Mchezo wa Watoto

Wako watu wasemao ya kuwa kazi ya mchongaji ikisha kusimamishwa mahali pake, basi imekwisha, na lililobaki kwa watu wengine ni kuitazama na kupita. Watu hao husema pia kwamba kuwakusanya wazee, akina mama na watoto wa mtaa mzima ili waunde fanusi za karatasi kwa mfano wa sanamu, kisha wazitembeze njiani usiku, ni kupoteza wakati na gundi bure. Rai hiyo naipinga. Nakuomba wewe msomaji uipime hoja yangu kabla ya kuikubali au kuikataa.

Tutazame mfano ulio karibu nasi. Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya aliyesoma sanaa Makerere chini ya Margaret Trowell, ndiye aliyeitengeneza sanamu ya Uhuru iliyosimama mjini Kampala tangu mwaka wa 1962. Ni mama aliyefungwa vitambaa mwilini, naye amemwinua mtoto juu, na mtoto ameinua mikono yake kuelekea mbinguni. Watu wengi hupita karibu nayo wakienda kazini. Je, ni wangapi kati yao waliopata kujiuliza kwa nini mama amefungwa, hali mtoto yu huru?

Mwaka jana, katika mtaa nifundishako, tuliunda fanusi kwa mfano wa mtoto yule. Tulitumia fito za mianzi, uzi, gundi na karatasi nyembamba. Mwanafunzi mmoja alivunja fito tatu kwa kuukunja mkono mahali pasipo na kiwiko. Kabla ya kuikunja ya nne, aliutazama kwanza mkono wake mwenyewe. Baba mmoja, fundi mwashi, alituonyesha jinsi ya kuufanya mti usimame bila kuyumba. Jioni ile watu waliouliza, “Mtoto huyu anaomba nini?” walikuwa wengi kuliko wote niliopata kuwasikia wakiuliza habari ya sanamu yo yote darasani.

Mwalimu mwenzangu mmoja alinena kwamba hiyo ni desturi ya kigeni. Ajabu gani! Katika miaka ya 1930 watu wa Freetown, Sierra Leone, walikuwa wakiunda fanusi kubwa na kuzitembeza usiku, mwezi wa Ramadhani ulipokuwa ukimalizika, vikundi vikishindana kwa ustadi. Na huko Ulverston, Uingereza, maandamano ya fanusi yalianzishwa mwaka wa 1983 na wasanii waliokuwa wameziona fanusi za Japani. Ikiwa Waingereza wameazima kwa Wajapani wala hawakuona haya, sisi tutaona haya kwa sababu gani? Aibu ni kuazima bila kuongeza cho chote cha kwetu.

Wengine walisema moto utawaunguza watoto. Neno hilo lilikuwa la haki, nasi tulilikubali: tuliiacha mishumaa tukatia tochi ndogo. Wengine tena walisema mtihani hauulizi habari za fanusi. Ni kweli hauulizi. Lakini hauulizi pia kama mwanafunzi anajua kushirikiana na jirani yake, na hakuna mzazi anayesema kwa hiyo jambo hilo lisifundishwe.

Hoja yao iliyo nzito kuliko zote ni hii: fanusi huraruka kesho yake, bali sanamu hudumu. Sikatai, wala sidai kwamba karatasi ni sawa na kazi ya bwana Maloba. Lakini sanamu hudumu hata isipopendwa na mtu, kama vile kitabu kidumuvyo rafuni bila kusomwa. Kinachokufa ni kule kuielewa, na hakiwezi kulindwa kwa ua wala kwa bawabu. Hulindwa na mikono iliyojaribu kulifuata umbo lile, ikashindwa, ikajaribu tena.

Basi, kijana, itafute sanamu iliyo karibu na kwenu. Izunguke pande zote. Waulize wazee waliokuwapo iliposimamishwa. Kisha chukua fito, uwaite na jirani zako.