Tunacheza Wimbo, Tumewasahau Waliotupigia

CHINI YA MWEMBE
Na Mrisho Maganga

Jumamosi iliyopita nilikuwa Isevya, hapa Tabora, kwenye harusi ya mtoto wa ndugu yangu. Ilishafika saa tano usiku, wali umeliwa, keki imekatwa, na vijana wa bendi iliyokodiwa wakaacha nyimbo za siku hizi wakaingia kwenye zilipendwa. Gitaa lililia noti chache tu, meza yetu yote ikasimama. Mama mmoja mtu mzima alivua viatu, akaviweka juu ya kiti ili asije akaporwa nafasi yake, akaenda katikati ya uwanja peku. Wimbo wenyewe ulikuwa Rangi ya Chungwa.

Walipopumzika nilimfuata kijana wa gitaa. Sidhani kama amefika miaka ishirini na mitano.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepiga vizuri sana. Huu wimbo ni wa nani?"

Alifikiri kidogo huku akifuta nyuzi kwa pindo la shati. "Nadhani ni wa Kenya, mzee. Sisi tunaupigaga tu."

Sikumlaumu, lakini moyo uliniuma. Rangi ya Chungwa ni wimbo wa Nyanyembe Jazz, na Nyanyembe Jazz ilikuwa bendi ya Tabora, ya mji huu huu ambao yeye amezaliwa na gitaa amejifunzia humo. Nikarudi mezani nikawauliza wenzangu, watu wa miaka hamsini na sitini: haya, nitajieni wimbo wa pili wa Nyanyembe Jazz. Kimya. Mmoja akasema Dada Asha, akakatizwa palepale, maana huo ni wa Tabora Jazz, wana Segere Matata. Wa pili haukupatikana. Bendi nzima, na jasho lote lile la miaka yake, imebaki kwetu kwa wimbo mmoja.

Kwenye muziki wa roki huko Ulaya na Marekani bendi za namna hii ni nyingi, na wenzetu wana hata utaratibu wa kuzikumbuka: zinatengenezewa filamu, wapigaji wanatafutwa walipo na kuulizwa ilikuwaje mpaka mkaachana. Sisi bendi zetu tuliziita jazz, ingawa zilipiga rumba na chacha, zilichota kwa Wakongo na kwa Wakuba, kisha zikaongeza ngoma za nyumbani. Zilipanda kama zile za roki na zikavunjika kama zile za roki. Tofauti ni kwamba za kwetu zikivunjika hakuna anayekwenda kuuliza.

Niseme kwanza juu ya jina Nyanyembe. Unyanyembe ni utemi uliokuwa na Tabora ndani yake, utemi wa Isike na wa akina Fundikira. Machifu waliondolewa madaraka kisheria mwaka 1963, lakini jina la utemi halikuondoka midomoni mwa watu, na wanamuziki wakalipandisha jukwaani. Ukiangalia Western Jazz utaona jambo lilelile. Bendi ile ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na Iddi Nhende, kijana wa Nzega, ikachukua jina la Jimbo la Magharibi. Baada ya uhuru majimbo yakavunjwa ikawa mikoa, Jimbo la Magharibi likatoweka kwenye ramani, bendi ikaendelea kulibeba jina lake kwenye kila ukumbi. Kwa hiyo wapigaji wetu walitutunzia majina ambayo ofisi zilikuwa zimeshayafunga kwenye mafaili. Hili peke yake lilitosha kuwapa heshima.

Halafu kuna njia. Watu wa huku tumezaliwa kwenye njia, hilo halina ubishi. Misafara ya pwani ilitoka Bagamoyo, ikafika Tabora, iliyokuwa ikiitwa Kazeh, ndipo ikagawanyika: wengine Ujiji, wengine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857 walikuwa wametembea zaidi ya miezi minne. Wapagazi wengi wa njia ile walikuwa Wanyamwezi, na mbele ya msafara alitangulia kirangozi, mwenye bendera, na ngoma ikilia karibu naye. Yeye ndiye aliyejua njia, na nyimbo za safari zilikwenda pamoja naye. Mtu mwenye mzigo wa frasila mbili begani hasogezwi na amri peke yake, anasogezwa na wimbo. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, ilifuata kwa sehemu kubwa njia ileile. Mizigo ikahamia kwenye mabehewa. Watu wakaendelea kwenda pwani, baadhi yao wakiwa na magitaa.

Mtu ninayemfikiria zaidi hapa ni Shem Ibrahim Karenga. Yeye alitokea Kigoma, upande wa ziwa, ambako upepo wa jioni unakuja na muziki wa Kongo. Akaja Tabora, akaingia Tabora Jazz, na hapo ndipo nchi ikamjua kwa Dada Asha. Baadaye akaenda Dar es Salaam, akapiga huko miaka mingi, na jina la Tabora akaenda nalo: bendi aliyoiongoza kule iliitwa Tabora Jazz Stars. Alifariki dunia Desemba 2014, huko huko Dar es Salaam. Ukiichora safari ya maisha yake kwenye ramani, Kigoma, Tabora, pwani, unapata njia ya wapagazi kwa ukamilifu wake. Salum Zahoro naye, aliyetamba na Kiko Kids hapa Tabora, miaka ya 1990 alikuwa Dar es Salaam na wazee wenzake wa Shikamoo Jazz. Mji uliwalea wote hawa, ukawapa jina, kisha ukawapandisha treni.

Kwa nini walipanda treni? Hapa ndipo penye kiini, na nitakaa hapa kidogo.

Bendi nyingi za mikoani miaka ile hazikuwa mali ya wapigaji. Zilikuwa mali ya mwenye vyombo. Magitaa yalikuwa yake, ampulifaya zake, spika zake, dramu zake, na mara nyingi jina lililoandikwa kwenye dramu kubwa lilikuwa lake. Wapigaji waliishi kwa kiingilio cha mlangoni. Watu wakijaa, mnakula. Mvua ikinyesha Jumamosi mbili mfululizo, mnakopeshana unga. Mkulima wa tumbaku ana pesa akishauza, na msimu wa kulima hana, kwa hiyo ukumbi nao ulikuwa na masika yake na kiangazi chake. Mpigaji akigombana na mwenye vyombo aliondoka na shati lake tu. Gitaa alilotungia wimbo uliovuma lilibaki ukutani, likamngoja mwingine.

Wakati huo huo Dar es Salaam mambo yalikuwa yanabadilika. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mwaka 1970 kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na bendi yake. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi, baadaye hata Shirika la Bima. Huko mwanamuziki aliajiriwa, akapata mshahara wa mwisho wa mwezi, vyombo vipya, na jirani yake alikuwa Radio Tanzania yenyewe, redio pekee ya nchi wakati huo kwa upande wa Bara. Mniambie, baba mwenye watoto wanne wa Kanyenye hapa Tabora, anayegawana kiingilio na wenzake tisa, akiletewa barua ya ajira kutoka Dar es Salaam afanye nini? Simwiti msaliti. Ila kila aliyeondoka alitoboa pengo. Akiondoka mpiga solo, nyimbo zinapwaya. Akiondoka mtunzi, bendi inaanza kupiga kopi za nyimbo za wengine, na bendi ya kopi haina sababu ya kufuatwa. Hivyo ndivyo bendi za mikoani zilivyokufa, moja baada ya nyingine, bila ugomvi mkubwa na bila tangazo.

Santuri nazo zina hadithi yake. Bendi ilisafiri kwenda kurekodi Radio Tanzania, wote wakapiga kwa pamoja chumba kimoja, mmoja akikosea mnarudia tangu mwanzo, na malipo yalikuwa ya mara moja. Kuchapa santuri kulifanyika Nairobi, kwa kuwa sisi hatukuwa na mtambo. Ndiyo maana nyimbo za Tabora, Morogoro na Tanga zilizunguka Kenya kwa lebo za Nairobi, zikapendwa huko, zikapigwa kwenye hoteli za huko, na nyingine zikaturudia zikiwa kama za wageni. Nadhani kosa la yule kijana wa Isevya lilianzia hapo, kabla hajazaliwa. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, ukafunguliwa tena 1983. Kwa mwanamuziki wa mkoani ile ilikuwa miaka sita bila dirisha.

Nilete mfano wa mbali. Mwaka 1967 bendi ya roki ya Uingereza iitwayo Procol Harum ilitoa wimbo A Whiter Shade of Pale. Walitoa nyingine baada ya huo, lakini dunia inawajua kwa huo mmoja. Mpiga kinanda wao, Matthew Fisher, ndiye aliyeweka ile sauti ya kinanda ambayo ukiisikia tu unaujua wimbo, na jina lake halikuandikwa kwenye utunzi. Aliondoka kwenye bendi. Karibu miaka 40 baadaye alikwenda mahakamani, na Julai 2009 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilithibitisha kwamba ni mtunzi mwenza mwenye haki ya asilimia 40 ya sehemu ya muziki. Aliwezaje baada ya muda wote huo? Kwa sababu hakuna aliyebisha nani alikaa kwenye kile kinanda. Jina lake lilikuwa linajulikana.

Sisi tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, tuna Cosota ya kuisimamia, na hilo ni jema. Lakini sheria inamlinda mtu mwenye jina. Mpiga ridhimu wa bendi ya Tabora ya mwaka 1970, ambaye hata mtangazaji anayecheza wimbo wake hamtaji, atadai nini, na atadai kama nani?

Kwa hiyo nina maombi, na ninayatoa kwa dhati. Watangazaji wa vipindi vya zilipendwa, TBC mkiwa wa kwanza kwa kuwa ninyi ndio mliorithi kanda za Radio Tanzania: kabla ya kucheza wimbo, tajeni bendi, tajeni mji, tajeni mwimbaji na mpiga solo. Ni sekunde kumi. Wakurugenzi wa redio za hapa Tabora nao wasingoje Dar es Salaam iwaanzie.

Manispaa nayo nina neno nayo. Pale Kwihara, nje kidogo ya mji, tumelihifadhi tembe la Livingstone, na ni makumbusho. Livingstone alikaa pale mwaka 1872, kuanzia Februari hadi Agosti, akingoja wapagazi. Ni vyema limehifadhiwa na napeleka wageni wangu huko. Lakini ikiwa mgeni aliyekaa nusu mwaka ana nyumba yake na kibao chake, basi wenyeji waliowachezesha watu wa nchi tatu kwa zaidi ya nusu karne wanastahili walau chumba kimoja chenye picha, magitaa mabovu, na majina. Nilitembea juzi kutoka stesheni hadi sokoni nikitazama kuta za kumbi na za shule. Nilikuta matangazo ya simu na ya wagombea. Jina la mwanamuziki sikuliona hata moja.

Na haraka ipo. Waliokuwa vijana wa miaka ishirini wakati ule sasa wamepita sabini. Kila mwezi tunazika, na kila jeneza linashuka na jibu la swali ambalo hatujauliza: nani alikuwa wa kwanza kuondoka, deni la nguo za jukwaani lilikuwa la nani, ule wimbo ulitungwa kwa ajili ya nani.

Usiku ule wa harusi, kabla sijaaga, mzee mmoja aliyekuwa kimya meza ya nyuma alimwita yule kijana. Akamwambia, "Mwanangu, solo umeipata. Ridhimu iko wapi?" Kijana akasema bendi yao ina gitaa moja tu, nafasi ya ridhimu inajazwa na kinanda. Mzee akatikisa kichwa. Akaanza kugonga meza kwa vidole viwili, na puani akaiimba ridhimu yenyewe, ile inayopanda pale solo inaposhuka, ambayo mimi nimeusikia wimbo huu maisha yangu yote na sijawahi kuitenga. Kijana alichutama pembeni yake, akaweka gitaa gotini, akatafuta. Alikosa, akakosa tena, mara ya tatu vidole vikakaa. Yule mama wa viatu alikuwa anatazama.

Mzee anakaa Kanyenye. Anasema majina anayakumbuka yote, na mtu mmoja wa bendi bado yuko hai upande wa Ng'ambo. Tumekubaliana Jumapili hii baada ya swala ya alasiri. Nimeshanunua kadi mpya ya kurekodia kwenye simu, na kijana amesema atakuja na magitaa mawili, moja ameazima.