Bima ya Mkopo Ina Mwanzo na Mwisho

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Lakini mkopaji akifariki, au akipata ulemavu wa kudumu, nani atalipa? Hiyo ndiyo kazi ya bima ya mkopo: kumlipa mkopeshaji salio, ili wajane na mayatima wasinyang'anywe nyumba.

Tangu Shirika la Bima la Zanzibar lilipoundwa mwaka 1969, bima si jambo geni Visiwani. Hata hivyo, wapo wananchi wanaodhani kuwa kinga hii huanza siku ya kujaza fomu. Kwa kawaida huanza pale mkopo unapotolewa na ada ya bima kulipwa. Hukoma deni linapomalizika, muda wa mkataba unapotimia, au mkopaji anapofikia umri wa ukomo. Anayechukua mkopo mpya kufuta wa zamani, bima ya ule wa zamani hukoma pamoja nao. Marejesho yaliyocheleweshwa nayo mara nyingi hayamo katika fidia. Na kwa ulemavu, mikataba mingi huweka muda wa kungojea.

Tunawaomba wahusika Serikalini wahakikishe kwamba tarehe hizo zinaandikwa kwa Kiswahili chepesi, na kila mkopaji anapewa nakala. Wananchi nao hawana budi kusoma kabla ya kutia saini, na kuzijulisha familia zao. Mrithi asiyejua kuwa bima ipo hawezi kuidai.

Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuwaachia watoto deni ambalo tayari lilikwisha kukingwa.